Muulize Nyapara: Tuta la mviringo shambani ni ngome ya nani?

Shikamoo Nyapara. Kamwene! Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima mahindi na alizeti huku Wanging'ombe. Mwaka juzi mume wangu aligawiwa kipande cha shamba la ukoo. Katikati yake kuna tuta la udongo lililozunguka kama ngata ya kubebea ndoo. Kwa nje limezungukwa na mtaro uliojaa majani, upana hatua tatu, kina kama goti. Tuta lenyewe mahali pengine linanifika gotini, pengine kiunoni. Nimepima kwa hatua kutoka ukingo hadi ukingo, ni 48. Mlango ni mmoja tu, unatazama mtoni, na hapo mtaro umekatika.

Shemeji anasema ni boma la Mjerumani. Mzee jirani anasema ni la Wangoni. Mwalimu wa watoto anasema ni la Mkwawa. Mdogo wangu anasoma Uingereza; nilipomtumia picha alicheka, akanirushia na yeye picha ya huko: tuta kama letu kabisa, kondoo wanakula majani juu yake, na kibao kinasema ni uzio mdogo wa udongo ambao chanzo chake hakijulikani, pengine ngome ya zama za kati. Mkweli ni nani? Mume wangu anataka kulisawazisha kwa trekta kabla ya mvua. — *Mama Alizeti, Wanging'ombe*

Marahaba mwanangu, kamwene na wewe. Mwambie baba watoto trekta lipumzike kwanza, walau mpaka amalize kusoma hapa.

Nimekuwa nyapara wa barabara miaka 31. Historia niliisoma shuleni nikaisahau kama wengine, lakini udongo nimeutazama ukichimbwa kila siku ya Mungu, na watu wanaouchimba nimewagawia vipande mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo swali lako sitalianza kwa wafalme. Nitalianza kwa vibarua.

Hatua ya mama aliyezoea shamba naikadiria sentimita 75. Hatua 48 ni mita 36 kuvuka. Kulizunguka ni kama mita 113. Mtaro wako leo una kina cha goti, lakini mtaro hujaa, nitakueleza unavyojaa, kwa hiyo mwanzoni naupa kina cha kifua cha mtu mzima na umbo la kabari, mpana juu na mwembamba chini. Hapo kila mita moja ya urefu inatoa kama mita moja na nusu za ujazo. Jumla 160 na kitu. Kibarua mwenye jembe na koleo, kwenye udongo wetu mwekundu wa huku, ukimpa kipande cha mita mbili za ujazo kwa siku atakumaliza maneno lakini atakimaliza. Watu 20 wanachimba mtaro huo kwa siku nne au tano. Ongeza siku mbili za kukata miti na kuisimamisha juu ya tuta. Wiki moja, mama. Wiki moja ya watu 20.

Sasa pima majina uliyotajiwa kwa kipimo hicho.

Mkwawa alizungushia makao yake ya Kalenga ukuta wa mawe ulioficha mji mzima. Wajerumani, waliopigwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumpoteza kamanda wao Zelewski, walijiandaa miaka mitatu kabla ya kuuvamia, ukaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mtu wa kazi ya namna ile hashughuliki na uzio wa hatua 48 kule Wanging'ombe. Angeweza kuweka mtwale wake, yaani chifu mdogo, hapo, sikatai, lakini basi ni boma la mtwale, na mtwale naye alikuwa na jina lake.

Mjerumani alipenda pembe. Maboma yake yalikuwa na kona, kuta zilizonyooka, na mahali pa kuweka bunduki za mzinga kwenye kona hizo ili risasi zifagie ukuta mzima. Duara halimpi kona. Ingekuwa ni mahandaki ya vita vya mwaka 1916, wakati jeshi la Kiingereza la Jenerali Northey lilipopanda kutoka Nyasaland (sasa Malawi), likachukua Tukuyu, likapigana Malangali mwezi Julai, ungeona mitaro mifupi iliyopindapinda, na udongo umerundikwa upande mmoja tu, ule unaomtazama adui. Askari wa vita vile hakuwa na muda wa kuchora ngata.

Jibu la mzee jirani ndilo lililonisimamisha. Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835, wakasambaa, na baadaye wakapigana na Wahehe kuanzia 1878 hadi 1882, na nchi iliyo katikati ikawa njia ya mikuki. Lakini fikiri: anayechimba handaki ni nani? Ni yule anayengoja kushambuliwa. Mvamizi hachimbi, mvamizi anatembea. Nadhani babu zake mzee jirani walisema "boma la Wangoni" wakimaanisha boma la kujikinga na Wangoni, au na Wasangu, au na Wahehe, au na misafara ya watumwa, na kadiri maneno yalivyopita mdomo hadi mdomo, "kujikinga na" likadondoka njiani. Rudi kwake na ugoro kidogo umuulize upya. Usimuulize nani alijenga. Muulize nani alikimbilia humo.

Na bibi mkwe, kama yupo, muulize mahali hapo panaitwaje kwa kilugha. Kwa Kihehe ngome ni *lilinga*, na jina la Iringa limetoka hapo hapo. Sauti ya "linga" ikijitokeza katika jina la kilima au kijito chenu, umeshapata ushahidi bila kushika jembe.

Lakini usikimbilie vita pia. Angalia mtaro uko upande gani wa tuta. Wako uko nje, na udongo umetupwa ndani. Hapo adui anashuka kwanza, halafu anapanda, na wewe uko juu ukimngoja. Mtaro ukiwa ndani ya tuta, maana yake hubadilika. Kule Avebury, Uingereza, kuna duara kubwa mno la zaidi ya miaka 4,000 ambalo mtaro wake uko ndani, na hakuna anayeliita ngome, kwa sababu ngome ya hivyo ingemsaidia adui. Mtaro wa nje basi ni wa kuzuia kitu kisiingie. Kitu gani? Mtu, au fisi. Ireland wana maduara ya tuta na mtaro yapatayo 45,000, na kwa miaka mingi yameitwa ngome. Mengi yake ni nyumba za wakulima wa kawaida, familia na ng'ombe wao, za miaka ya 600 hadi 900 hivi. Unajua yamebakije mpaka leo? Watu wanaamini yanakaliwa na mizimu ya kwao, na mkulima atakayelima juu yake atapata mkosi. Mizimu imeyalinda kuliko askari. Msinicheke, huku kwetu nako misitu mingi iliyobaki ni ile ya matambiko.

Kibao cha mdogo wako nacho nimekipenda. "Pengine." Neno dogo lakini la mtu mwaminifu. Zama za kati kwa Wazungu ni tangu kama mwaka 500 hadi 1500. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoivamia Uingereza mwaka 1066 hawakuanza na mawe, walianza na udongo: chimba mtaro, rundika tuta, simika magogo, ingia ndani, kwa sababu wenyeji waliowazunguka hawakuwapenda. Kuna kitambaa kirefu, karibu mita 70, kilichodariziwa miaka michache baadaye na sasa kinajulikana kwa jina la mji wa Bayeux, kinaonyesha vibarua wakirundika ngome ya Hastings kwa makoleo. Wawili kati yao wameacha kazi, wanapigana kwa makoleo hayo hayo kichwani. Mara ya kwanza nilipoiona picha hiyo nilicheka mpaka chai ikamwagika. Miaka karibu elfu moja, na kibarua ni yule yule!

Kisha chini ya mfalme Stephen, 1135 hadi 1154, nchi ilivurugika, kila bwana mwenye shamba akajichimbia kingome chake bila kibali, na mfalme aliyefuata akaamuru vibomolewe. Vijituta vingi visivyo na karatasi hutupiwa wakati ule. Vinatupiwa tu, kama ninyi mnavyomtupia Mkwawa.

Wala usidhani mambo haya ni ya kwao. Bigo bya Mugenyi, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna mitaro iliyochimbwa na Waafrika kati ya karne ya 14 na ya 16, ukiinyoosha yote inapita kilomita 10, mahali pengine imekatwa kwenye mwamba. Hiyo sasa ndiyo kazi ya mtawala. Kenya wana Thimlich Ohinga, kuta za mawe bila saruji zinazofika mita nne na nusu, urithi wa dunia tangu 2018, na maeneo hayo hayo ya magharibi wana vijiji vya zamani vilivyozungushiwa tuta na mtaro wa udongo mtupu kama wako. Watalii wanaenda kwenye mawe. Kwenye udongo anaenda mbuzi.

Niliahidi kueleza mtaro unavyojaa. Mvua mbili tatu za kwanza ndizo zinazoumiza. Kingo zinameguka, udongo laini wa juu unashuka na majani yake, chini kunafanyika tabaka nene haraka. Halafu majani yanashika, kasi inapungua, na kuanzia hapo ni vumbi la mwaka kwa mwaka. Waingereza, wakitaka kujua jambo hilo kwa hakika, walichimba mtaro na kurundika tuta jipya mwaka 1960 huko Overton Down, Wiltshire, kwenye udongo wa chokaa, wakafukia humo vitambaa, ngozi na mifupa, na wakapanga kulikata na kulitazama baada ya mwaka 1, wa 2, wa 4, wa 8, na kuendelea kuzidisha mara mbili hadi wa 128. Ule wa 32 ulifika mwaka 1992. Wa mwisho ni 2088. Injinia wangu mmoja alikuwa hawezi kungoja zege likauke siku saba.

Huyo injinia ndiye sababu ya mimi kuandika kirefu hivi. Mwaka 1987 tulikuwa tunapanua barabara ya vumbi upande wa Mufindi. Greda likakata kijituta kilichopinda, tukadhani ni kichuguu cha kale. Nilishuka kupima mteremko, nikaona ukuta wa udongo uliokatwa umesimama mbele ya uso wangu. Juu, udongo mwekundu uliochanganyika na changarawe. Chini, udongo mwekundu safi ambao haujawahi kuguswa. Na katikati, mstari mweusi, unene wa vidole vinne, umenyooka kama uliopigwa kamba. Ndani ya ule mweusi kulikuwa na vijipande vya mkaa, na kigae cha chungu chenye mistari ya kukwaruza shingoni, na juu kidogo donge la mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kikiyeyushwa, zito, lina matundu kama mkate ulioungua. Nilikishika kigae kile. Nikamwita injinia. Akasema tunadaiwa kilomita mbili kufikia Ijumaa. Nikampungia dereva mkono, greda likapita. Kigae nilikiweka mfukoni, mama watoto akakiwekea mguu wa kabati uliokuwa mfupi, tulipohama kikabaki huko.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mjukuu pale Isimila kutazama zana za mawe, nilimsikia mtaalamu akiwaeleza wanafunzi habari za mstari mweusi. Ni uso wa ardhi wa siku ile ya kuchimba. Majani waliyoyakanyaga yamefunikwa na udongo wa tuta na kukaa humo. Mkaa uliomo hupimwa maabara kwa kaboni, ukatoa mwaka ambao tuta haliwezi kuutangulia. Kwa hiyo jibu la swali lako, tarehe yenyewe, liko chini ya tuta lako na chini kabisa ya mtaro wako. Trekta la mumeo litayafuta yote mawili kwa asubuhi moja.

Sasa fanya hivi. Usichimbe. Tembea juu yake baada ya mvua kubwa ya kwanza, maji yakishaosha, na utazame: vigae, mavi ya chuma, majivu, mawe ya kusagia. Ukiviona viache vilipo, upige picha ukiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, hata kiberiti. Tazama kama kuna minyaa imesimama kwa safu, maana minyaa ilikuwa ua wa vijiji vya zamani na hudumu kuliko aliyeipanda. Ukiwa umepanda mahindi jirani, angalia kama kuna mstari uliostawi kuliko wenzake. Huenda kuna mtaro mwingine uliojaa ambao jicho halioni, mahindi yanaufahamu kwa rutuba na unyevu wake. Ukipata mavi ya chuma kwa wingi, habari inageuka, huenda wenye mji walikuwa wafua chuma na walikuwa na kitu cha kuibiwa.

Halafu nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, umpe taarifa kwa maandishi, nakala ubaki nayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na ngome zilizofanywa na binadamu kabla ya 1863, inamtaka anayezigundua atoe taarifa, na hakuna ruhusa ya kuchimbua bila leseni. Utaniuliza: likiwa la vita vya 1878 je? Hapo tarehe ya sheria imelipita, ila waziri anaweza kulitangaza. Ndiyo maana namwomba shemeji asishinde njiani akitangaza kuwa ni la Mjerumani.

Ndani ya duara mnaweza kulisha mbuzi. Alizeti pandeni nje ya mtaro, mwache hatua tano. Mita 36 za duara ni kama robo ya eka, mwambie mumeo hatafilisika.

Nyapara, salaam. Niko Makambako. Kuna fundi amekuja na mashine ya masikioni, anasema handaki la zamani nyuma ya kwetu lina dhahabu ya Mjerumani, anataka shilingi laki tatu za kuanzia. Tumpe? — *Kijana wa Stendi*

Usimpe hata nauli. Dhahabu ya Mjerumani ipo, na nitakuambia ilipopita. Mwaka 1916, pesa zilipowakaukia kwa sababu meli za Kiingereza zilifunga bahari, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zina picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, na leo zinauzwa minadani Ulaya moja moja. Walizitengeneza ili walipe, nazo zikalipwa.

Jeshi lililopita huku kwetu baadaye mwaka huo lilikuwa linarudi nyuma kwa miguu, kila mzigo uko kichwani kwa mpagazi, kilo 25 hadi 30, na mzigo wa kwanza kuthaminiwa ulikuwa risasi na wa pili chakula. Nimeongoza watu wenye njaa, najua wanabeba nini na wanatupa nini. Mashine ya masikioni italia, nakuhakikishia. Italia kwa kopo la mafuta, kwa kipande cha trekta, na kwa donge la mavi ya chuma. Kila ikilia fundi ataomba laki nyingine ya "kafara". Akichimba, na handaki likawa la kabla ya 1863, amevunja sheria niliyomtajia Mama Alizeti hapo juu, na shamba ni la baba yako, si la fundi.

Kwa Nyapara. Kwa nini ofisi ya mkuu wa wilaya huitwa boma, na zizi la ng'ombe nalo ni boma? — *Mwanafunzi, Tukuyu*

Zizi lilitangulia. Boma ni uzio, wa miiba au wa magogo au wa udongo, iwe ndani kuna ng'ombe au mtu. Wajerumani walipojenga vituo vyao vyenye kuta, watu walivitazama wakaviita kwa jina la kitu walichokuwa wanakijua. Waingereza walipokuja walikaa mle mle, kuta zikapakwa chokaa, kodi ikaendelea kulipwa pale pale. Huko kwenu Tukuyu waliita Neu Langenburg, jina hilo limekufa, "bomani" imebaki. Bibi yangu alipoitwa kutoa ushahidi wa kesi ya mpaka alisema anakwenda bomani, na aliporudi jioni kufungia mbuzi alisema yuko bomani, wala hatukumtafuta mahali pasipo.